Amri ya Kaburi Moja

Fundi alikuwa amegoma kusema. Afadhali angekana, Inspekta angepata pa kuanzia. Aliketi tu upande wa pili wa meza, pingu mikononi, saruji kavu imeng'ang'ania kwenye kucha, akiukodolea macho ukuta wa kituo kama mtu anayekadiria gharama ya kuupiga plasta upya.

"Pikipiki ya shemeji yako imekutwa uani kwako," Inspekta alisema. "Imefunikwa turubai. Turubai lenyewe ni lako."

Fundi alikwangua saruji kwenye ukucha mmoja.

"Majirani waliwasikia mkifokeana, wewe na yeye. Kesho yake hakuonekana tena. Mlikuwa mnagombania nini?"

"Mambo ya kifamilia."

"Haya, angalau leo tumesikia sauti. Mambo gani ya kifamilia?"

Fundi akarudi kwenye ukuta wake.

Sajini, ambaye karatasi yake ya maelezo ilikuwa nyeupe pe, alitupa kalamu mezani. "Afande, huyu anatupotezea muda. Mwendesha mashtaka anataka jalada leo jioni. Ugomvi upo, pikipiki ipo. Kilichobaki ni mwili tu."

"Mwili tu! Unasema kama mtu aliyesahau chumvi sokoni." Inspekta alinyanyuka, akavuta mlango. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hasira za karibu na subira ya mbali, na siku hiyo subira ilikuwa imeshaanza kuisha.

Kwenye benchi la korido alikuwa amekaa dada yake Fundi, mke wa yule shemeji aliyepotea, Afisa Mipango wa halmashauri. Tangu mumewe apotee hakuwa na pengine pa kukaa: mume hajulikani alipo, kaka yake wa tumbo moja ndiye yuko ndani, anatuhumiwa kumuua. Alikuwa ameshika bakuli la chakula cha kaka yake, limefunikwa kitambaa, na chakula kilikuwa kimepoa zamani.

"Amesema?" aliuliza.

"Kaka yako? Ukuta una maneno kuliko yeye. Dada, sikufichi. Akiendelea hivi, jioni hii anafunguliwa kesi ya mauaji, na mimi sitaweza kuzuia."

Mwanamke akaweka bakuli chini. Akaangalia huku na huku, kisha akamshika Inspekta mkono, jambo ambalo watu hawafanyi kwa polisi.

"Una amri ya kufungua kaburi kule juu kilimani. Watu wanasema."

"Watu wanasema sana. Lakini ndiyo, ninayo. Simu ya mumeo ilizimikia kule."

"Afande, yale makaburi hayana watu."

Inspekta akakaa kwenye benchi taratibu.

Habari ya makaburi yale kila mtu mjini aliijua, au alidhani anaijua. Mtaa ule wa chini ya kilima ulikuwa umepakwa njano kwenye ramani ya halmashauri, maana yake makazi ya watu. Halafu gesi ikagundulika, wakubwa wakakutana, na njano ikageuzwa zambarau, maana yake uchimbaji. Nyumba zote zilitakiwa kupisha. Sheria ndogo zilizotungwa pamoja na ramani ile zilikuwa na kizuizi kimoja tu: kisima cha gesi hakichimbwi ndani ya mita mia tatu kutoka kaburi, na kaburi halihamishwi mpaka ndugu wa marehemu wakubali. Nyumba ya mtu aliye hai ilihamishwa kwa tangazo la ubaoni, ila marehemu walipaswa kubembelezwa. Ndipo mtaa mzima ukakumbuka kwamba una wapendwa wake wamelala kule juu, makaburi tisa, na kampuni ikakwama.

"Aliyajenga kaka yangu," mwanamke alinong'ona. "Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyetoa wazo, akasafiri, akamwachia kaka kazi. Na kaka mwoga, afande, mwoga hasa wa mambo hayo. Hakuchimba hata shimo moja. Alisema akichimba shimo la mtu asiyekuwepo, atakuja kulilalia yeye. Akamwaga udongo mwekundu juu ya nyasi, akasimika kijiwe cha saruji upande wa kichwa, basi. Mwenyekiti aliporudi akakuta kazi imekwisha, akasifia."

"Na mumeo akagundua."

"Alikwenda kupima mita zake. Akafukua kidogo pembeni, akakuta nyasi chini ya udongo. Akaja kumwambia kaka usoni: shemeji, nakupenda, lakini mimi siandiki kaburi pasipo na mtu. Huo ndio ugomvi waliousikia. Kaka alilia, afande. Alilia kama mtoto. Kesho yake mume wangu akapanda tena kule kumalizia vipimo, mvua inanyesha, na hakurudi."

"Kwa nini kaka yako hasemi haya?"

"Akisema, mtambo unapanda kesho. Tutabomolewa sote. Ameamua kufungwa ili sisi tulale ndani." Akaukaza zaidi mkono wa Inspekta. "Ukifungua kaburi tupu, nyumba imekwenda. Usipofungua, kaka amekwenda. Na mume wangu simwoni kote kote. Nimechoka, afande. Nimechoka mpaka naogopa kuamka. Nimekwambia wewe, sijaiambia serikali."

"Dada yangu," Inspekta alisema, "serikali ndiyo mimi."

Lakini hakuita karani. Aliita gari.

*

Walimchukua Fundi na pingu zake, dada mtu akapanda mbele. Barabara ya kilimani ilikuwa imekatwa upya na matingatinga ya kampuni, na pale ilipokatwa ukingo wa udongo ulisimama wazi kama mkate uliokatwa: juu mwekundu, na kuanzia kina cha magoti ya mtu kwenda chini, mweupe wa chokaa. Inspekta alitoa kichwa dirishani akautazama mpaka gari likapinda.

Juu walikuta watu wamejaa nyuma ya utepe wa polisi. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele, na hilo lilimtia Inspekta wasiwasi zaidi. Kina mama walikuwa wamekaa chini, wameshika tama. Mbele ya utepe alisimama Wakili wa kampuni, fulana mpya ya kuakisi mwanga, mabuti mapya, na mpiga picha wake pembeni.

"Inspekta! Karibu sana," Wakili alisema kwa furaha isiyofaa makaburini. "Tumeomba mara ngapi kufunguliwa haya, mahakama inakataa. Wewe umeomba mara moja, umepewa."

"Nimepewa moja. Hakimu amesema nimeonyesha sababu ya kufungua kaburi moja, sababu ya kufungua tisa hajaiona. Na amri inaisha saa kumi."

"Moja linanitosha," Wakili alisema, akamkonyeza mpiga picha.

Moja linamtosha, kweli. Likiwa tupu, picha ingefika mahakamani kabla udongo haujarudishwa, na ndugu wote wa marehemu wale wangegeuka waongo kwa pamoja. Inspekta aliyaangalia makaburi. Yote yalifanana: tuta jekundu, kijiwe cha kijivu, tuta jekundu, kijiwe cha kijivu. Na kote kulinuka dizeli. Mbwa wa polisi alikuwa ameletwa juzi, akazunguka, akapiga chafya, akakaa chini kama aliyefutwa kazi.

"Nani alimwaga dizeli huku?" aliuliza.

"Siafu, mwanangu," sauti ilijibu. "Siafu walikuwa wanatuchimbulia wapendwa wetu."

Alikuwa Mwenyekiti wa mtaa, mstaafu, shati limepigwa pasi, kofia mkononi kwa heshima. Ndiye aliyekuwa amesimama mahakamani mara zote kutetea makaburi yasiguswe, na mtaa ulimpenda kwa hilo. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza chini ya kilima, ya vyumba vingi, aliyoijenga kwa jasho la utumishi wake wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Msiba wa Afisa ni wetu sote."

"Msiba? Mimi bado natafuta mtu aliyepotea."

Mwenyekiti akaguna. "Ulimi tu. Siku zimekuwa nyingi, mtu unakata tamaa."

"Hata mimi nakata. Nikuulize, mzee. Nimeruhusiwa moja. Wewe ndiye unayewajua marehemu wote hapa. Ungekuwa mimi, ungeanzia wapi?"

Swali lilikuwa la kutupia tu. Alitarajia mzee ang'ake, alale juu ya tuta, aite laana. Mwenyekiti aligeuza kofia yake mkononi, akafikiri, akanyoosha kidole kwenye kaburi la mwisho kabisa, karibu na njia.

"Fungua lile. Pale kalala mjomba wangu. Mimi ndiye ndugu yake wa mwisho, nakubali kwa moyo mmoja. Tusaidie serikali."

"Mwenyekiti!" Fundi alipiga ukelele. Lilikuwa neno lake la kwanza lenye uhai tangu akamatwe. Alijitupa mbele, askari wawili wakamdaka. "Mwenyekiti, unafanya nini? Si lile! Si lolote! Unatumaliza!"

"Tulia, Fundi. Umeshatuletea matatizo ya kutosha."

"Unatumaliza, mzee! Watu watalala wapi?"

"Kaka, basi," dada yake alilia. "Kaka, nakuomba."

Wakili alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anasikiliza, na huyo hakuwa mtu wa kusikiliza hovyo.

Inspekta alimvuta Sajini kando mpaka kwenye gari, akampa mgongo kila mtu.

"Umeona?"

"Nimeona Fundi anajua lile kaburi ni tupu."

"Na Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti naye..." Sajini akakuna kidevu. Alikuwa kijana wa kuelewa polepole, ila akielewa ameelewa. "Naye si anajua? Ndiye aliyeyaagiza."

"Ehe. Sasa niambie. Mtu amepigania haya matuta mahakamani mpaka sauti imemkauka. Anajua likifunguliwa moja tupu, nyumba yake mwenyewe inavunjwa. Leo mbele ya kamera anachagua tupu na kunipa kama zawadi. Kwa nini?"

"Kwa sababu kuna moja si tupu."

"Na analiogopa hilo kuliko kukosa nyumba." Inspekta akavuta pumzi. "Fundi hakuchimba, aliogopa. Mwenyekiti alikuwa safarini, hakujua kama hakuna mashimo. Alidhani chini ya kila tuta kuna udongo laini uliokwisha kuchimbwa, amtie mtu na kufukia kwa dakika chache. Akakuta nyasi na ardhi ngumu. Ikabidi achimbe kwenda chini kweli, mvua inanyesha. Umeona udongo wa kule barabarani ulivyo?"

"Mwekundu juu, chini mweupe."

"Mweupe haupandi juu peke yake. Njoo. Na ufunge mdomo, yule wa fulana ana masikio mawili mazuri."

Akarudi kwenye makaburi, mikono nyuma, akatembea kati ya matuta kama mkaguzi aliyechoka. Kwa kila tuta alisimama, akamuuliza Mwenyekiti ni nani huyu, mzee akamjibu: shangazi, babu wa mwenye duka, mtoto wa jirani. Na kila aliposimama, kisigino cha kiatu chake kilikuwa kinakwaruza ukingo wa tuta, taratibu, nyuma ya sketi yake ya kazi. Nyekundu. Nyekundu. Nyekundu, na nyasi zilizokufa chini yake. Kwenye tuta lililokuwa karibu na mchongoma kisigino kilikwaruza wekundu mwembamba kama unga, kisha kikatoa donge jeupe.

"Na huyu?" aliuliza.

Mwenyekiti alijifuta paji la uso kwa kofia kwanza.

"Huyo... ni mama mmoja. Alikuwa mpangaji wangu."

"Hili," Inspekta alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Leteni sepetu."

"Kwa nini hilo?" Wakili aliruka. "Ndugu amekubali lile kule! Naomba sababu yako kwa maandishi, kwa nini hilo na si jingine?"

"Amri imesema kaburi moja. Haikusema nikueleze."

"Wewe mwanamke, muogope Mungu!" Mwenyekiti alisema, na kofia ikamdondoka.

Askari walichimba. Tuta lilitoka haraka, na chini yake hapakuwa na nyasi. Udongo ulikuwa mchanganyiko, mwekundu na mweupe, uliolegea. Kina mama wakasimama mmoja mmoja. Sepetu zikashuka mpaka magotini, mpaka kiunoni, kisha askari mmoja akainua mkono, akapanda juu haraka, akaenda kutapika kwenye mchongoma. Mwingine alitoa kwa mikono utepe wa kupimia, wa njano, uliovingirishwa kwenye mkono wa shati la buluu.

Mke wa Afisa Mipango alilijua shati kabla hajaonyeshwa kitu kingine. Hakuanguka. Alipiga yowe moja refu lililowafanya watu walio mbali kule bondeni watoke nje ya nyumba zao, halafu akakaa chini pale pale kwenye udongo mweupe, akawa anausugua kwenye mikono yake.

Mwenyekiti hakukimbia. Angekimbilia wapi. Alipiga magoti, na alipoongea aliongea na yule mwanamke, hakuongea na polisi.

"Nilimwomba, binti yangu. Nilimwomba kwa magoti kama hivi. Nilimwambia andika tisa, nani atakuja kuhesabu mifupa? Akasema, mzee, siwezi, nitawatafutia kiwanja kingine, nitawapigania, lakini uongo siandiki. Kiwanja kingine! Umri huu nianze tena na msingi? Akageuka kuvingirisha utepe wake. Sepetu ilikuwa mkononi mwangu."

"Na pikipiki?" Inspekta aliuliza. "Kwa nini kwa Fundi?"

Mzee hakumwangalia Fundi. "Hana mke, hana mtoto. Nikaona ndiye ataumia peke yake."

"Ana dada," Inspekta alisema, na sauti yake haikuwa ya kazi. "Mfungeni. Mfungueni Fundi, mfungeni huyu. Upesi, kabla sijasahau mimi ni nani."

Pingu zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine. Fundi alikwenda akakaa karibu na dada yake, hakujua pa kuweka mikono yake iliyoachiwa. Alijaribu kumgusa bega, akaacha. Watu wa mtaa walikuwa wanamwangalia Mwenyekiti akipandishwa kwenye gari, na hakuna aliyemzomea. Walikuwa wanalia tu, na wengi hawakujua wanamlilia yupi.

Wakili alisubiri mpaka mwili ulipofunikwa. Tumpe haki yake, alisubiri. Kisha akasogea kwa Inspekta, akasafisha koo.

"Nasikitika sana. Lakini wewe na mimi tunajua maneno aliyoyasema yule mzee. Nani atakuja kuhesabu mifupa. Hayo ni ushahidi. Jumatatu naomba amri ya haya manane mengine, na safari hii nitapewa. Utaitwa shahidi."

"Nitakuja," Inspekta alisema.

"Na ukiulizwa utasema kweli?"

"Nikiulizwa, nitasema."

Alilijua hilo tangu kwenye benchi la korido: kwamba siku hiyo, vyovyote itakavyokwenda, mtaa ule haupo tena. Waliosikia wakaanza kuambizana nyuma ya utepe, na kilio kikabadilika, kikawa cha chini, cha watu wanaowaza waanze kufunga nini kwanza.

"Baba," mke wa Afisa Mipango alimwita Wakili.

Alikuwa amesimama. Mikono yake ilikuwa nyeupe hadi kwenye viwiko.

"Pole sana, mama," Wakili alisema.

"Sheria yenu ile ya mita mia tatu. Inataka makaburi mangapi?"

Wakili hakuelewa. "Inasema kaburi. Hata moja, ila liwe la kweli."

"La zamani? Imesema liwe la lini?"

Alikuwa mwanasheria mzuri, na ilionekana usoni mwake kwamba anaisoma sheria yote kichwani, kutoka juu hadi chini, akitafuta neno ambalo hakuna aliyekumbuka kuliweka.

"Haijasema," alikiri.

"Na ndugu wa marehemu asipokubali kuhamisha?"

"Mama, huu ni uchungu. Nenda nyumbani kwanza, upumzike..."

"Nyumbani ndiko unakotaka kunitoa." Akamgeukia Inspekta. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu, na Inspekta, aliyeona wajane wengi, alishindwa kuyatazama sawasawa. "Afande, madaktari wakishamaliza naye, mnirudishie. Namzika hapa."

"Dada, hapa ndipo alipouawa. Utapaangalia kila siku ukifungua mlango."

"Nitapaangalia. Alisema haandiki kaburi pasipo na mtu. Haya, mtu ndiye huyo." Akanyoosha mkono mweupe kuelekea mwili uliofunikwa. "Ndugu yake ni mimi. Mimi sikubali ahamishwe. Leo sikubali, kesho sikubali, na nikifa mtanilaza pembeni yake, nitakuwa bado sijakubali."

Wakili alimtazama mpiga picha wake. Mpiga picha alikuwa ameshusha kamera muda mrefu, anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Gari la hospitali liliondoka na mwili. Askari wawili, kwa mazoea ya kazi, walishika sepetu zao wakaanza kurudisha udongo ili mtu asije akatumbukia.

"Hilo shimo msilifukie," mwanamke alisema.

Askari wakamwangalia Sajini, Sajini akamwangalia Inspekta.

"Hamjamsikia mwenyewe?" Inspekta alisema. "Acheni hivyo hivyo."

Wakaweka sepetu chini.